Dawa Iliyopanda Matatu ya Dhahabu

Sogeeni, wanangu. Leo sina sungura wala fisi. Nina hadithi ya vitu vidogo mno, tena inaanzia hapa hapa kwetu, kwenye mashamba ya kahawa ya Ruiru.

Kahawa ya Kenya ilisumbuliwa kwa miaka mingi na ugonjwa unaoozesha buni zikiwa bado mbichi mtini. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru walipandanisha miti inayohimili ugonjwa huo na ile yenye buni nzuri. Mwaka 1985 wakawaletea wakulima mche mpya, wakauita Ruiru 11. Kinga ya mche huo haitoki kwenye bomba la kupulizia dawa. Imo ndani yake, katika jeni. Jeni ni maagizo yanayokaa ndani ya seli na kuiambia itengeneze protini gani. Kahawa ina jeni, mbuzi ana jeni, na nyinyi mna jeni mlizorithi kwa baba na mama.

Shikeni hapo, sasa tutoke shambani twende stendi.

Mfikirieni kijana wa bodaboda. Alikuwa mchapakazi, mcheshi, kila mtu akimwita kwa jina. Akaonjeshwa chang'aa, akarudia, akazoea. Siku hizi akiamka mikono inatetemeka, pikipiki imeuzwa, na asubuhi anamwapia mamake kwa machozi kwamba ameacha. Jioni yuko kule kule. Watu wanasema hana haya. Mimi nasema anaugua, na ugonjwa wenyewe uko kichwani.

Ukila chapati moto, au timu yako ikifunga bao, seli fulani za ubongo hutoa kemikali iitwayo dopamini. Dopamini huuambia ubongo: hili ni jambo la maana, likumbuke, lirudie. Ni mpango mzuri, maana ndio unaotufanya tutafute chakula na marafiki. Lakini pombe, heroini na kokeni huingilia mpango huo na kuongeza dopamini kupita kiasi. Mambo yakiendelea hivyo kwa muda mrefu, seli zenyewe hubadilika. Furaha za kawaida hufifia, na kinachobaki ni hamu. Huo ndio uraibu.

Mwanasayansi mmoja wa Marekani, Paul Greengard, alitaka kujua kinachotokea ndani ya seli baada ya dopamini kubisha hodi. Maabara yake iligundua protini inayoitwa DARPP-32, ambayo hupokea ujumbe wa dopamini na kuusambaza ndani ya seli. Kwa uchunguzi wake wa jinsi seli za neva zinavyowasiliana, Greengard alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2000 pamoja na wenzake wawili.

Basi mtauliza: je, tukiipunguza protini hiyo, hamu nayo haitapungua? Swali zuri. Na njia ya kulijaribu ilikuwa imeshapatikana. Mwaka 1998 wanasayansi Andrew Fire na Craig Mello, wakichunguza minyoo midogo sana, walionyesha kwamba RNA, molekuli ya jamii moja na jeni, ikiwa na nyuzi mbili inaweza kuinyamazisha jeni moja iliyochaguliwa. Jeni yenyewe haikatwi wala haiondolewi. Nakala ya maagizo yake ndiyo inayoharibiwa kabla protini haijatengenezwa. Nao walipata Nobel, mwaka 2006.

Shida ikabaki moja, nayo ni safari. RNA ikiachwa peke yake kwenye damu, vimeng'enya huikatakata. Na hata ikipona, seli za mishipa ya damu ya ubongo zimebanana hivi kwamba vitu vingi havipenyi. Fikirini abiria anayetoka Nairobi kwenda Thika. Hatembei kwa miguu barabara nzima, anatafuta matatu.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Buffalo huko Marekani, wakiwemo Adela Bonoiu, Stanley Schwartz na Paras Prasad, waliunda matatu hiyo kwa dhahabu. Ilikuwa vijiti vyenye ukubwa wa makumi ya nanomita tu. Milimita moja mnayoiona kwenye rula ina nanomita 1,000,000. Waliupa uso wa vijiti hivyo chaji chanya, na kwa kuwa RNA ina chaji hasi, abiria akashikamana na gari. Walipovitia kwenye seli za neva zilizokuzwa maabara, DARPP-32 ilipungua na seli hazikudhurika. Vijiti vilipenya pia ukuta wa mfano uliotengenezwa kwa seli kama zile zinazoulinda ubongo.

Msipige makofi bado. Hayo yalifanyika ndani ya vyombo vya maabara, si ndani ya mtu. Matatu ni lazima ijue stendi ya kushusha, kwa sababu DARPP-32 hufanya kazi hata kwenye furaha zetu njema. Ukiinyamazisha kila mahali, unaweza kumwondolea mtu hamu ya pombe pamoja na hamu ya kuishi. Tena kazi ya RNA hiyo huisha baada ya muda, na dhahabu ikishaingia mwilini si rahisi kutoka.

Hata hivyo, safari za namna hii zimeshaanza. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha patisiran, dawa ya kwanza ya RNA ya kunyamazisha jeni, inayobebwa na chembe za mafuta hadi kwenye ini kutibu ugonjwa adimu wa neva. Mwaka 2021 Kenya ilipokea chanjo za Moderna na Pfizer za kuzuia Korona, nazo pia ni RNA iliyobebwa na chembe za mafuta. Na mwaka 2023 watafiti wa Oregon, Marekani, walitangaza kwamba kima waliozoeshwa pombe, walipotiwa jeni ya protini ya GDNF, walipunguza kunywa kwa zaidi ya asilimia 90. Ila gari lao lilikuwa kirusi, na ilibidi kima hao wapasuliwe ili jeni ifikishwe ubongoni. Matatu inayofika huko bila kupasua kichwa bado inatafutwa. Huenda atakayeiunda anasoma gredi ya saba hapa kwetu, na kesho ataingia chuo cha JKUAT pale Juja.

Lakini mgonjwa wa leo asiambiwe asubiri dhahabu. Waraibu wa heroini hupewa methadoni, tiba iliyoanza Kenya Desemba 2014 katika hospitali ya Mathari, na Kiambu yetu ina kliniki yake Karuri. Waraibu wa pombe hutibiwa kwa dawa na ushauri nasaha. Mlevi wa siku nyingi asifungiwe nyumbani aache ghafla bila daktari, maana anaweza kupata mishtuko kama ya kifafa na hata kufa.

Kwa hiyo, wanangu, mkimwona yule kijana wa bodaboda, msimcheke wala msimtupie mawe. Mwambieni mtu mzima mnayemwamini apige simu NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, nambari 1192. Ni bure.