Je, Wajua? Kitenzi Kimoja, Safari Nzima

Mlima haubanduki
Yuko mlimani, anakwenda mlimani, anatoka mlimani. Mmoja ametulia, wa pili yumo njiani, wa tatu anarudi, na neno "mlimani" halijabadilika hata herufi! Kiingereza hapo hudai vijineno vitatu: "on", "to" na "from". Sisi mwendo wote tumekiachia kitenzi.

Tunapanda pamoja na Wahispania
Wapandaji wengi wa Kilimanjaro huanzia lango la Machame, takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, huelekea kileleni Uhuru, mita 5,895, kisha hurudi kwa njia ya Mweka. Vitenzi vinne vinatosha kuisimulia safari hiyo: kuingia, kupanda, kushuka, kutoka. Mwingereza hushika "go" ileile na kuibadilishia mkia: "in", "up", "down", "out". Kwa kigezo hicho mwanaisimu Leonard Talmy aliziainisha lugha za dunia, na Kiswahili kikaangukia upande mmoja na Kihispania, Kituruki na Kijapani. Ndiyo maana Mwingereza hutaja mbio kwanza, nasi tunasema "aliingia mbio": njia mbele, mbwembwe nyuma.

Silabi moja, maisha au moto
Aliyehama Machame ameondoka. Aliyehamia Machame ndiyo kwanza anashusha mizigo. Anayekimbia moto anajiokoa; anayekimbilia moto huenda ni zimamoto! Kiambishi kidogo katikati ya kitenzi kinageuza uelekeo wa safari, na hakuna neno jingine lililoongezwa.

"U" inayorudisha mambo nyuma
Funga, fungua. Kunja, kunjua. Tega, tegua. Tazama mfongo, ule mfereji wa jadi unaoteremsha maji ya mlima hadi kwenye vihamba vya migomba na kahawa: zamu ya mtu ikifika, huzibua mdomo wa mchepuko wake kwa jembe, maji yakaingia migombani, zamu ikiisha, huuziba kwa udongo na majani ya mgomba, maji yakaendelea kwa jirani. Kati ya ukame na maji pana irabu moja tu.

Mpaka ni mpaka
"Kutoka Moshi mpaka Machame." Tazama vizuri: "kutoka" ni kitenzi kamili, na "mpaka" ni nomino, ndiyo ileile inayotenganisha shamba na shamba. Kila tunapotaja mwanzo na mwisho wa safari, tunamwondoa mtu mahali na kumfikisha kwenye alama ya mwisho.

Neno la Kilimanjaro lililozunguka dunia
Upande wa Vunjo, mashariki ya Machame, neno moja, "naikimlyiia", humaanisha kwamba mtu anakila kitu kwa ajili ya mwingine. Limeundwa kwa vipande vinane! Mwanasaikolojia wa lugha Steven Pinker alilionyesha katika kitabu chake The Language Instinct cha mwaka 1994, akishangazwa na ufundi wa kitenzi hicho. Na miongoni mwa vipande hivyo yumo ndugu wa "i" ya "hamia", anayelisogeza tendo hadi limfikie mwingine. Wanaisimu Joan Bresnan na Lioba Moshi walikichambua kitenzi cha Kivunjo katika makala ya mwaka 1990, na wenzao wakalazimika kufikiri upya jinsi lugha za Kibantu zinavyopanga watendwa wake. Lugha inayosemwa migombani ikawa mwalimu wa vyuo vikuu.