Uyoga wa Mamama: Kitoweo cha Kupanda Wenyewe

Mvua zikinyesha, uyoga huota vichakani na kwenye vichuguu, na wapo wanaokwenda kuuchuma kwa ajili ya kitoweo. Wazee wetu wa Upare waliujua ulio mzuri na ulio mbaya. Watoto wa siku hizi hawaujui kama wao, na hapo ndipo hatari inapoanzia. Baadhi ya uyoga wa porini una sumu kali ambayo haiishi kwa kuchemshwa wala kwa kukaushwa. Wako wanaosema kwamba uyoga ulioliwa na wadudu ni salama, au kwamba sumu hujulikana kwa kutia sarafu ya fedha sufuriani. Maneno hayo si ya kweli, na yameua watu.

Sumu iliyo mbaya kuliko zote huchelewa. Mtu hula jioni, akalala vizuri, na baada ya muda wa saa 6 hadi 24 ndipo anapoanza kutapika na kuharisha sana. Halafu hupata nafuu, na ndugu humshukuru Mungu, kumbe ini linaharibika. Kwa hiyo aliyekula uyoga wa porini akatapika, mpelekeni hospitali hapo hapo, wala msingoje nafuu. Chukueni na uyoga uliobaki, hata kama ni kipande, ili mganga auone.

Dawa ya mashaka hayo ni kupanda wenyewe. Uyoga unaofaa kwa nyumbani ni ule unaoitwa mamama, wenye umbo la sikio au gamba la chaza. Hauhitaji shamba. Huota juu ya masalia ya mazao: majani makavu ya migomba huko Mbaga na Chome, mabua na magunzi ya mahindi, maganda ya maharage, na majani ya mpunga kwa walio karibu na Ndungu. Yawe makavu, yasiwe na ukungu, na yasitoke katika shamba lililopigwa dawa karibuni, maana uyoga hunyonya kilichomo. Maranda ya misonobari tunashauri myaache, kwa kuwa utomvu wake huuzuia uyoga.

Katakateni majani vipande vya urefu wa vidole viwili hivi, yaloweke usiku kucha, kisha yachujeni. Kipimo ni mkono: ukikamua yatoke matone machache tu, yasichuruzike. Baada ya hapo huja kazi ambayo wengi huifanya kwa haraka na kujuta. Wekeni mawe na vijiti chini ya pipa, maji yasifike juu ya vijiti, juu yake pangeni majani yakiwa ndani ya viroba, funikeni na kukoka moto. Tangu mvuke uanze kutoka kwa nguvu, hesabuni saa mbili kamili. Mvuke ndio unaoua vijidudu na ukungu vinavyoshindana na mbegu. Kuni zikipungua saa moja kabla ya muda, ni heri kuahirisha kazi kuliko kupanda.

Majani yakipoa kabisa, oshani mikono kwa sabuni, fungeni milango ili upepo usilete vumbi, ndipo mpande. Mbegu si punje za kawaida. Ni nafaka iliyooteshwa utando mweupe, na hununuliwa kwa watayarishaji wake. Mwulizeni bwana au bibi shamba kabla ya kutoa fedha, na mbegu yenye madoa ya kijani msiipokee. Tumieni mifuko ya nailoni ya kilimo (iliyopigwa marufuku Juni 2019 ni ile ya kubebea bidhaa dukani). Wekeni tabaka la majani, nyunyizeni mbegu pembeni, tena majani, hadi mfuko ujae. Fungeni, toboeni matundu madogo, na mweke mifuko mahali penye giza.

Baada ya wiki 2 hadi 4 mfuko huwa mweupe wote. Milimani wakati wa baridi ya Juni na Julai huchelewa zaidi. Sasa mifuko inataka mwanga wa kutosha kusoma gazeti, hewa na unyevu. Walioko Same mjini na Makanya, kwenye joto na ukavu, wamwage mchanga sakafuni na kuulowesha, na watundike magunia mabichi ukutani. Uyoga ukiwa na shina refu na kofia ndogo, unakosa hewa. Mfuko ukiota ukungu wa kijani, utoeni ukauzikwe mbali.

Vuneni kabla kingo za kofia hazijainuka, maana uyoga uliokomaa hutoa vumbi jembamba linaloleta kikohozi. Mvunaji ajifunge kitambaa puani, na mifuko isiwekwe katika chumba cha kulala, hasa kama nyumbani yuko mwenye pumu. Mfuko huvunwa mara tatu hivi. Kilo moja ya majani makavu hutoa kwa kawaida nusu kilo hadi kilo moja ya uyoga mbichi kwa mivuno yote.

Je, una faida gani mwilini? Gramu 100 za uyoga mbichi zina gramu 3 hivi za protini, na vitamini za kundi B. Mafuta ni kidogo sana. Maharage makavu ya uzito huo yana gramu 20 na zaidi. Kwa hiyo uyoga usiyafukuze maharage sufuriani, bali uyasindikize. Katika makande unapendeza sana, na siku za Kwaresima ni kitoweo kizuri. Upikeni uive vizuri. Wale wanaouuza wakisema unaponya kisukari, saratani au UKIMWI, msiwasikilize, wala mgonjwa asiache dawa za hospitali kwa ajili yake.

Uliobaki uanikeni juani siku hiyo hiyo, juu ya chekeche safi. Kilo 10 mbichi hubaki kilo moja hivi ikikauka, na jua huuongezea vitamini D. Majani yaliyokwisha kazi yapelekeni migombani yawe mbolea.