Gemu umelipia, funguo zimebaki kwa muuzaji

Machi 5, 2013, wapenzi wa SimCity nchini Marekani walikaa mbele ya kompyuta zao tayari kujenga miji. Ndiyo kazi ya gemu hiyo tangu Will Wright alipoitoa mara ya kwanza mwaka 1989: unapewa uwanja mtupu, unachora barabara, unavuta maji na umeme, unatoza kodi, kisha unaangalia kama wananchi wako watakaa au watahama. Mtu hucheza peke yake, kimya, hata saa tano. Safari hii wengi hawakujenga hata kibanda. Waliambiwa seva zimejaa, wasubiri foleni. Waliobahatika kuingia walitolewa katikati, na baadhi waliporudi walikuta mji waliouhangaikia umepotea.

Kampuni ya Electronic Arts na studio yake ya Maxis zilikuwa zimelitengeneza toleo lile lisifanye kazi bila intaneti, hata kama mchezaji hana mpango wa kucheza na mtu mwingine. Wanunuzi walipofurika, seva zikazidiwa. Ili kupunguza mzigo, kampuni ilizima baadhi ya vitu vilivyomo ndani ya gemu, ikiwemo kasi kubwa kuliko zote ya kuendesha mji. Amazon nayo ikasimamisha kwa muda kuuza toleo la kupakua. Ni kama ununue pasi, halafu kiwanda kikupigie simu kwamba leo wateja ni wengi, usiiweke kwenye moto mkali.

Lucy Bradshaw, aliyekuwa akiiongoza Maxis, alieleza kuwa sehemu kubwa ya hesabu za mji hufanyika kwenye seva za kampuni, hivyo kuifanya gemu ichezeke bila mtandao kungehitaji kazi kubwa ya kiufundi. Siku chache baadaye mchezaji mmoja alichokonoa programu yenyewe na kuonyesha kuwa mji unaendelea vizuri tu intaneti ikiwa imekatika, ingawa hakuweza kuhifadhi alichojenga. Wateja walipewa gemu nyingine bure kama kifuta machozi. Machi 2014, mwaka mzima baadaye, ndipo kampuni ilipotoa njia ya kucheza bila mtandao.

Wengi walikuwa wameshakata tamaa. Machi 2015 studio ndogo ya Finland, Colossal Order, ilitoa Cities: Skylines, gemu ya kujenga miji isiyodai intaneti, na nakala 250,000 ziliuzwa ndani ya saa 24 za kwanza. Mwezi huohuo Electronic Arts ilifunga ofisi ya Maxis ya Emeryville, California.

Kampuni zina hoja zao. Kubwa ni wizi: gemu inayopiga hodi kwenye seva kila mara si rahisi kunakiliwa na kuuzwa kienyeji. Tena zipo gemu ambazo haziwezi kuwepo bila mtandao, kwa mfano zile za watu mia kupambana uwanja mmoja. Hakuna anayelalamikia hizo. Kinachoudhi ni mtu anayecheza peke yake sebuleni kuombeshwa ruhusa ya kucheza kitu alichokilipia. Microsoft walilionja hilo mwaka 2013 walipotangaza kuwa Xbox One italazimika kuingia mtandaoni walau mara moja kila saa 24. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba ilipofika Juni 19 walilifuta sharti hilo, mashine ikiwa hata haijaingia sokoni.

Wazazi wa Ulaya na Marekani wanaikumbuka zaidi Krismasi ya 2014. Watoto walifungua zawadi asubuhi, wakaunganisha mashine, na mitandao ya PlayStation na Xbox ikawa haipatikani kwa sababu wahalifu wa mtandaoni walikuwa wameishambulia. Waliokuwa na gemu za diski zisizotegemea seva walicheza. Wengine walibaki wanakodolea macho ujumbe wa hitilafu.

Hitilafu za siku ya kwanza angalau hurekebishwa. The Crew, gemu ya mbio za magari ya Ubisoft iliyotoka Desemba 2014, ilizimwa moja kwa moja Machi 31, 2024. Aliyezoea kuzunguka na gari peke yake kwenye ramani yake ya Marekani alibaki na diski isiyofungua kitu. Hasira hiyo ndiyo iliyozaa kampeni ya Stop Killing Games, ambayo kufikia Julai 2025 ilikuwa imekusanya saini zaidi ya milioni moja barani Ulaya. California nako imepitishwa sheria inayomtaka muuzaji wa bidhaa za kidijitali kueleza wazi pale mteja anapopewa leseni tu, si umiliki.

Huku kwetu tatizo lina sura yake. Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na nchi jirani. Hata siku ambazo hakuna waya uliokatika, bando linaisha, umeme unakatika, na gemu mpya huanza kwa kudai ipakue mafaili makubwa kabla mtoto hajagusa kitu. Vibanda vya gemu mitaani, ambako watoto hulipia mechi moja moja, vinaendelea kupiga kazi na PlayStation za zamani kwa sababu mashine zile haziulizi mtu.

Kwa mzazi anayenunua, swali la dukani ni moja: intaneti ikikatika, mtoto atacheza? Jibu mara nyingi limeandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya kasha, au chini kabisa ya ukurasa wa kununulia, karibu na neno "intaneti" na neno "lazima". Anayenunua gemu iliyotoka wiki hiyohiyo aulize pia kama fedha hurudishwa, maana gemu nyingi hutulia baada ya mwezi mmoja au miwili, na mara nyingi bei nayo huwa imeshaanza kushuka.