Kombe ya bahari ao samaki ya Tanganyika?

Kisha mukutano wa sendika, mwenzetu mumoja wa karyeri alitutolea telefone yake: "Baba, muangalie. Miye nataka hii nyumbani." Ilikuwa picha ya kombe kubwa ya bahari ndani ya akwariumu, midomo yake buluu na kijani kama kitenge kipya. Akauliza: "Gani iko rahisi kuchunga?"

Tulitafuta jibu pamoja. Kati ya kombe hizo, Tridacna derasa na Tridacna squamosa njo zinavumilia zaidi. Hii ya pili inaishi hata pwani ya Tanzania. Tridacna crocea ni ndogo na inapendeza, lakini inadai mwanga mukali sana. Mwenye kununua asichukue ya chini ya sentimita 5, maana hizo hufa upesi. Apitishe mukono juu yake: kivuli kikipita na ikajikunja haraka, iko muzima. Tena, tangu 1985 kombe hizo zote ziko ndani ya orodha ya CITES. Muuzaji wa inchi ingine asiye na hati, tumuache na bidhaa yake.

Lakini urahisi hauko ndani ya gamba tu, uko pia ndani ya nyumba. Ndani ya nyama ya kombe munaishi miani midogo sana inayogeuza mwanga kuwa chakula, sawa majani ya muhogo shambani. Kwa hiyo inaomba taa kali masaa mengi kila siku, pampu isiyosimama, na maji ya chumvi yenye chokaa. Katika Katuba ao Ruashi, umeme ukikatika siku mbili, nani atanunua mafuta ya jenereta kwa ajili ya kombe wakati watoto wanangoja bukari?

Tena sisi ni watu wa shaba. Shaba kidogo tu ndani ya maji inaua kombe na konokono, na samaki pia inawaumiza. Bomba ya shaba, ao lile jiwe la malakiti tunaloweka sebuleni: visiingie ndani ya akwariumu hata siku moja. Ukitoka kazini, osha mikono mbele ya kugusa maji.

Basi shauri letu kwa yule ndugu lilikuwa Neolamprologus multifasciatus, samaki ya ziwa letu Tanganyika, asiyepatikana ziwa lingine. Dume hapiti sana sentimita 4 ao 5. Analala na kuzalia ndani ya magamba matupu ya konokono, na anachimba muchanga mwenyewe. Litre 60 zinatosha kundi dogo. Weka muchanga laini wa sentimita 5, magamba kupita hesabu ya samaki, na kipande cha jiwe la chokaa ili maji yabaki magumu. pH iwe 8 hadi 9, joto nyuzi 24 hadi 27. Maji ya robine yalale kwanza siku moja ndani ya ndoo wazi, dawa itoke. Umeme ukikatika mwezi wa sita, wakati wa baridi, funika kioo kwa blanketi, na mara kwa mara chota maji kwa kikombe na kuyamwanga tena toka juu, hewa iingie.

Mwenzetu alikubali, lakini mutoto wake akauliza: "Papa, mbona hatuwekemo jiwe ya kijani?" Tulimujibu hivi: shaba inatulisha, lakini ndani ya maji inaua. Mutoto anayejua hilo angali mudogo, kesho atauliza maji ya kiwanda yanaenda wapi. Sisi wa sendika tungali tunauliza.