Milima ya Gusii: mapaja huumizwa na mteremko

Anayepanga kuunganisha vilima vya Manga, Sameta na Kiabonyoru kwa siku tatu mfululizo huanza kwa kuhofia pumzi. Mgeni kutoka Mombasa atahema, kweli, ila maradhi ya mwinuko kwa kawaida huanza mita 2,500 kwenda juu, na vilima vingi vya Kisii na Nyamira, kaunti za Gusii, havifiki hapo. Mwenyeji ana akiba zaidi ya pumzi. Mwaka 1968, Naftali Temu, mwana wa Gusii, aliiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, mbio za mita 10,000 mjini Mexico City, mita 2,240 hivi juu ya bahari. Ron Clarke wa Australia, mshika rekodi ya dunia, alianguka alipomaliza akapewa oksijeni.

Hofu ielekee kwenye kushuka. Ukipanda, misuli ya mapaja hukaza ikifupika. Ukiteremka, misuli ileile hukaza huku uzito wako ukiivuta irefuke, kama mtu anayeteremsha gunia kwa kamba. Moyo unatulia, pumzi ni nyepesi, unajiona mzima kabisa, kumbe nyuzi za ndani zinachanika kidogo kidogo. Maumivu hukomaa kati ya saa 24 na 72 baadaye, yaani ukiwa kwenye kilima cha pili au cha tatu.

Kinga yake ni mteremko wenyewe. Shuka kilima kifupi mara chache, wiki mbili tatu kabla ya safari; misuli ikishaumia kidogo na kupona, hustahimili vizuri zaidi kwa wiki kadhaa. Mama anayeshuka Manga na mkungu wa ndizi kila siku ya soko ana kinga hiyo tayari. Siku yenyewe, piga hatua fupi, kunja magoti kidogo, shika fimbo.

Nawasihi wanaomeza ibuprofen, dawa ya maumivu, ili waendelee, waiache: mwili uliopungukiwa maji ukipewa dawa hiyo, damu iendayo kwenye figo hupungua. Mkojo ukiwa wa kahawia iliyokoza, acha safari uende hospitali siku hiyohiyo.

Na kuna radi, ambayo Gusii inaijua kwa misiba. Mvua nyingi hunyesha alasiri, kwa hiyo ondoka alfajiri, adhuhuri ikukute umeshashuka. Ukisikia ngurumo, ondoka kileleni, usijikinge chini ya mkaratusi. Ingia kwenye nyumba imara, ungoje nusu saa tangu ngurumo ya mwisho.