Wateja wa Mbeya wanaoenda kuogelea Matema: uza nini, na nini usikiuze kwa uongo

Kuna mtu aliniuliza inbox, "Mbeya baridi vile, nguo za kuogelea unamuuzia nani?" Nikasema nijibu hapa, maana wengi mnafikiri biashara hii ni ya Dar na Zanzibar tu.

Jibu lipo kwenye mwinuko. Mbeya mjini tupo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa lipo chini ya mita 500. Yani ukitoka Uyole, ukapita Isongole na Tukuyu ukashuka Kyela, unavua sweta njiani. Ukiongeza kama kilomita 40 kupitia Ipinda unafika Matema, mchanga mrefu, maji ya uvuguvugu, Milima ya Livingstone imesimama pembeni. Mtu anatoka nyumbani alfajiri na usiku amerudi kulala kwake. Ndo maana vikundi vinaenda: kwaya, vikoba, wanachuo, watu wa ofisi moja.

Hapo kwenye vikundi ndo penye pesa. Usipambane na mteja mmoja mmoja anayeulizia bei akaishia hapo. Kila safari ina mtu anayekusanya michango, mara nyingi mweka hazina au yule dada mwenye kelele kwenye grupu. Mtafute huyo. Mwambie ukichukua taulo 15 nakupa bei ya jumla, na ya kwako wewe napunguza zaidi. Oda moja, malipo mara moja, boda mmoja anapeleka. Mimi oda ya kikundi sianzi kuiandaa bila nusu ya hela, maana safari za michango huahirishwa sana na mzigo unabaki kwako.

Msimu nao uujue, usiingize mtaji kichwa kichwa. Septemba mpaka mwanzoni mwa Desemba joto linapanda na ziwa linatulia, hapo wanaenda watu wazima na wapenzi. Krismasi na Mwaka Mpya ni kila mtu. Pasaka inaangukia mvua, na Kyela mvua yake ya Aprili siyo ya mchezo, kwa hiyo kipindi hicho mimi naweka zaidi makoti ya mvua kuliko nguo za kuogelea. Halafu kuna Juni na Julai: huku juu baridi kali, shule zimefungwa, wazazi wanataka kuwapeleka watoto kwenye joto.

Hiyo Juni na Julai ndiyo nataka tuongee vizuri. Kuanzia Mei mpaka Agosti upepo wa kusini unavuma ziwani kwa nguvu. Ziwa lenyewe lina urefu wa zaidi ya kilomita 500, na Matema ipo ncha ya kaskazini kabisa, kwa hiyo mawimbi yanasukumwa kuja upande wake. Sasa fikiria mtoto wa Mbeya ambaye maji mengi aliyowahi kuingia ni ya beseni, amevalishwa lile boya la plastiki la bata ulilomuuzia mama yake.

Yale maboya ya kupuliza ukisoma boksi lake utakuta imeandikwa kwa Kiingereza kwamba siyo kifaa cha kuokolea maisha. Ni toi. Lakini ukipita kwenye kurasa zetu unakuta muuzaji ameandika "mlinde mwanao asizame", na picha ya boksi ameikata pale pale penye onyo. Ndugu zangu, hilo siyo jambo la kuchangamsha biashara. Lile boya likitoboka au upepo ukilisukuma kwenda katikati, mzazi anakuwa amekaa mbali kwa sababu wewe ulimwambia mtoto yupo salama. Liuze, mimi pia nauza, ila andika wazi: la kuchezea, maji yasizidi magoti, mtu mzima awe hatua moja kutoka kwa mtoto. Anayetaka kitu cha usalama muuzie jaketi la kujiokolea lenye mikanda, na umuulize uzito wa mtoto kabla ya kumpa. Lisilomkaa vizuri linampanda usoni. Faida yake ni ndogo na linachukua nafasi dukani, najua.

La pili ni kichocho. Kipo Ziwa Nyasa. Vijidudu vyake vinatoka kwenye konokono wa majini na vinapenya kwenye ngozi, na hatari ni kubwa zaidi kwenye maji yaliyotulia yenye majani na matete. Nimeona watu wanauza mafuta wakidai ukipaka kichocho hakikupati. Usiingie huko. Mteja akikuuliza, mwambie aogelee sehemu ya mchanga isiyo na majani, akae mbali na midomo ya mito maana huko mamba nao wana kwao, na wiki kadhaa baada ya safari aende kupima. Dawa ipo, prazikwanteli, lakini anayeipanga ni mtu wa hospitali, siyo sisi.

Tuje kwenye mzigo unaotoka. Taulo nyepesi zinazokauka haraka zinashinda zile nzito. Kaptula za wanaume hazikai dukani. Kwa wanawake, zile za kujistiri zenye mikono na suruali zinaenda kuliko bikini, hasa kwa vikundi vya dini, kwa hiyo usidanganywe na picha za wazungu. Ndala. Mifuko ya simu isiyopitisha maji, ila hii ipime kwanza: weka tishu ndani, funga, izamishe kwenye ndoo nusu saa, itoe. Tishu ikiwa kavu piga video ya jaribio hilo na uiweke status. Video hiyo itakuuzia kuliko maneno yoyote, na ukikuta fungu linavuja utalirudisha kabla simu ya mtu haijafa.

Kitu ambacho wengi hawaweki ni cha kurudia nyumbani. Watu wanatoka Matema na nywele mbichi na kaptula, gari linapanda mpaka Isongole usiku, wanatetemeka. Mimi naweka pakiti moja: taulo, ndala, na sweta la mitumba lililofuliwa na kupigwa pasi. Sweta lile lile likikaa peke yake linasubiri wiki.

Anayesema anaenda Ziwa Ngozi usimuuzie nguo za kuogelea. Kule ni kupanda msituni na kuangalia ziwa kutoka juu, muuzie viatu vya kushika tope na koti la mvua.

Safari nyingi ni Jumamosi, na asubuhi hiyo hakuna atakayesubiri boda wako. Oda zangu nafunga Alhamisi jioni, Ijumaa mchana napeleka zote, na saizi nabadilisha siku hiyo hiyo kabla ya saa 12 jioni. Na ukiwa na mteja anayekwenda Jumamosi, mkumbushe kuna soko pale Matema ambapo vyungu vya Wakisi vinauzwa. Mwambie akuletee viwili vitatu. Hapa mjini kuna watu wanaviulizia.