Kuchagua Kisomaji cha Chipu ya Flashi

Mwalimu wa taaluma wa shule fulani mjini Iringa anapochomeka flashi yake kwenye kompyuta na kompyuta isiitambue, kinachopotea si kile kidude cha bei ndogo. Ni alama za mazoezi ya kidato cha nne za muhula mzima, ambazo pengine hazimo mahali pengine popote. Hapo hupata ushauri mwepesi: nunua kisomaji, ing'oe chipu, uisome mwenyewe. Ushauri huo si wa uongo, lakini umeruka hatua nyingi, na atakayeufuata kwa pupa aweza kuharibu hata kile ambacho kingeokolewa.

Yafaa kwanza tuelewe chipu yenyewe. Kumbukumbu ya flashi ilibuniwa na Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba, Japani. Aina ya NAND, ambayo ndiyo iliyomo katika flashi zetu, ilitangazwa mwaka 1987. Ndani yake mna mabilioni ya transista, na kila moja ina sehemu ndogo iliyozungukwa na kihami pande zote. Elektroni zikisukumwa humo hunaswa, nazo hubaki hata umeme ukikatika. Kuisoma chipu ni kupima wingi wa chaji hiyo. Transista inayotunza biti moja ina ngazi mbili tu za kutofautisha. Itunzayo biti tatu ina ngazi nane, na nafasi baina ya ngazi na ngazi huwa finyu mno.

Kihami hicho si kamilifu. Elektroni huvuja kidogo kidogo, na joto huharakisha uvujaji. Kwa hilo wakazi wa Nyanda za Juu Kusini wana bahati: flashi iliyo kabatini Mbeya, kiasi cha meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, huvujisha polepole kuliko nyingine ya aina hiyo hiyo iliyokaa katika joto la Dar es Salaam. Bahati hiyo hukoma pale chipu inapopulizwa hewa ya nyuzi 300 za sentigredi ili risasi iyeyuke. Mafundi simu wa Mwanjelwa au Miyomboni huijua vyema kazi ya blowa. Hata hivyo chipu ya kumbukumbu haivumilii kupulizwa kwa muda mrefu, maana kila nukta ya joto huongeza biti zitakazosomwa vibaya. Kwa hiyo hapana budi kwanza kukagua plagi, fyuzi na kristali. Mara nyingi ubovu uko huko, na chipu haina haja ya kung'olewa.

Ikibidi kung'olewa, kisomaji hutazamwa kwanza kwa umbo la chipu. Zile za TSOP zina miguu 48 iliyoachana nusu milimeta. Za BGA zina vitufe vya risasi chini ya tumbo, 132 au 152, nazo huhitaji adapta yake. Volti nazo zichunguzwe, kwani chipu nyingine hutumia 3.3 na nyingine 1.8 katika njia zake za data. Kadi ndogo za microSD ni taabu zaidi: chipu na kidhibiti vimefinyangwa pamoja, na fundi hulazimika kukwangua rangi na kuunganisha nyaya nyembamba kama unywele.

Lakini umbo na volti ni mambo mepesi. Ugumu ni kwamba kidhibiti hakiandiki data kama tulivyoiandika sisi. Huzivuruga biti kwa hesabu maalumu, hutawanya kurasa huku na huku, na huongeza biti za kusahihisha makosa. Ukurasa wa baiti 2,048, kwa mfano, huwa na baiti 64 za ziada. Kisomaji cha bei nafuu kama TL866II Plus hutoa biti hizo zikiwa mbichi, kisha humwachia mwenyewe fumbo lote. Vifaa kama PC-3000 Flash au Visual NAND Reconstructor vina programu za kufumbua kazi ya kidhibiti, na huweza kurudia kusoma kwa kusogeza mpaka wa kupimia chaji mpaka makosa yapungue. Huo ndio uwezo unaonunuliwa, na bei yake ni maelfu ya dola.

Kwa maoni yangu, shule isinunue. Chuo kama kile cha Sayansi na Teknolojia cha Mbeya ndicho kingefaa kuwa nacho kwa niaba ya wengi, kwa masharti ya usiri, kwa kuwa anayeisoma chipu huona yote yaliyomo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu. Kuhusu simu tusijidanganye: tangu Android 10 ya mwaka 2019, simu mpya hutoka kiwandani zikisimba data zake, na chipu iliyong'olewa humo haitoi kitu cha kusomeka.

Wanafunzi, hata hivyo, waweza kujifunza mengi kwa kisomaji cha bei nafuu na flashi mbovu isiyo na siri ya mtu. Ipe chipu amri ya 90 kwa hesabu ya kumi na sita, nayo itajitambulisha. Baiti ya kwanza ikiwa EC, imetengenezwa na Samsung, 2C, Micron, 98, Toshiba. Ikitoka FF tupu, aghalabu kuna mguu ambao haujagusa adapta.